Si Laana, Ni Herufi Zilizozidi

Hebu fikiria mtaani kwenu, iwe Iramba, Manyoni au hapo Singida mjini. Kuna mvulana amechelewa kuongea. Masomo hayapandi, anakwepa macho ya watu, na akifurahi anapigapiga mikono. Majirani wanasema eti mama yake kalogwa. Na mjomba wake naye yuko hivyohivyo! Basi, ukoo mzima unaambiwa una laana.

Kinachorithiwa hapo chaweza kuwa hali iitwayo X dhaifu. Jeni inayohusika, FMR1, iligunduliwa mwaka 1991, nayo imo kwenye kromosomu X. Mwanzoni mwake kuna herufi tatu za vinasaba, CGG, zinazojirudia. Wengi wetu tunazo kama mara 30. Mwenye 55 hadi 200 ni mbebaji, na kwa kawaida anasoma na kufanya kazi kama wewe. Balaa ni kwamba zikitoka kwa mama kwenda kwa mtoto zinaweza kuongezeka. Zikizidi 200, jeni hufunikwa na vizibo vya kemikali viitwavyo methili, inazimika. Protini yake haitengenezwi tena. Na protini hiyo ni breki: huzuia protini nyingine zisitengenezwe ovyo pale seli za ubongo zinapoungana. Breki ikikosekana, mawasiliano ya ubongo yanavurugika.

Mvulana ana X moja tu, hana akiba. Msichana anazo mbili, ndiyo maana wengi wao huathirika kidogo. Na baba je? Baba mbebaji huwapa mabinti zake wote, lakini wanawe wa kiume hawapati kwake hata mmoja. Kwa hiyo mama mwingine anayefukuzwa na wakwe huenda alizipata kwa baba yake mzazi!

Dawa ya kuponya haijapatikana. Baadhi ya dawa zilizowasaidia panya zilishindwa kwa watu. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani waliondoa vile vizibo kwenye seli za maabara, jeni ikaamka. Ila seli kwenye kisahani si mtoto. Kwa sasa kinachosaidia ni mazoezi ya kuongea, elimu maalumu, na dawa za wasiwasi au kifafa kwa wenye matatizo hayo.

Lakini usimpachike mtu ugonjwa kwa kumtazama tu. Uziwi au malaria iliyopanda kichwani navyo huchelewesha kuongea. Wazazi waanzie Hospitali ya Rufaa ya Mkoa: masikio yapimwe, kisha waulizie rufaa ya kipimo cha damu cha vinasaba. Waende na orodha ya ndugu wa upande wa mama wenye hali kama hiyo, hata yule mjomba.