Nani Yumo Kliniki Saa Nane Usiku? Kuchagua Tabibu wa Mbwa na Paka Uingereza

Wafugaji wa mbwa na paka katika jumuiya ya Waswahili nchini Uingereza wamekuwa wakilalamika, hasa baada ya kufiwa na mnyama au kukabidhiwa ankara wasiyoitarajia, kwamba kliniki waliyoiamini ilisemekana kuwa imesajiliwa na bado hakupatikana wa kuiwajibisha. Malalamiko hayo yana msingi, na chanzo chake ni sheria yenyewe. Sheria ya Madaktari wa Wanyama ya mwaka 1966 humsajili na kumsimamia daktari kama mtu binafsi, kupitia Royal College of Veterinary Surgeons, chombo kinachofahamika zaidi kwa herufi RCVS, lakini haiigusi kampuni inayomwajiri wala jengo anamofanyia kazi. Mtu aliyetoka Tanzania, ambako sheria ya mwaka 2003 inataka kituo cha tiba ya wanyama nacho kisajiliwe, hudhani kwamba nchi yenye kanuni nyingi kama Uingereza haiwezi kukosa jambo la msingi namna hiyo, na dhana hiyo ndiyo inayomponza.

Ukaguzi wa viwango vya kliniki upo, ila ni wa hiari. RCVS ina mpango wa viwango ambao wakaguzi wake huangalia vifaa vya nusukaputi, yaani vya kumlaza mnyama usingizi kabla ya upasuaji, pamoja na utunzaji wa dawa, usafi na kumbukumbu za wagonjwa, kisha kliniki iliyofaulu hupewa daraja lake. Kliniki isiyojiunga haivunji sheria yoyote, hivyo anayechagua hana budi kuuliza mwenyewe kama imekaguliwa na kwa daraja gani, kwa kuwa daraja la msingi liko mbali sana na daraja la hospitali. Inasikitisha kwamba serikali imemwachia mwenye paka kazi ya mkaguzi.

Jina lililoandikwa mlangoni nalo halitoshi. Mamlaka ya Ushindani na Masoko, kwa kifupi CMA, ilieleza mwaka 2024 kwamba kliniki zilizo mikononi mwa makampuni makubwa, ambazo mwaka 2013 zilikuwa takriban asilimia 10 ya kliniki zote, zilikuwa zimefikia karibu asilimia 60, na nyingi kati ya hizo zimebaki na jina la zamani kana kwamba hazijauzwa. Kumilikiwa na kampuni si kosa, na madaktari wengi walioajiriwa humo ni waadilifu. Ubaya ni mteja kutojua kwamba kliniki, maabara inakopelekwa damu, hospitali ya rufaa na hata mahali pa kuchomea maiti za wanyama vinaweza kuwa vya mmiliki mmoja, kiasi kwamba anapodhani ametafuta ushauri wa daktari mwingine huenda amerudi kwa mwajiri yule yule.

Wanaoumia zaidi, hata hivyo, huumia saa kliniki inapofunga. Maadili ya RCVS yanamtaka daktari anayetibu wanyama ahakikishe kuna mpango wa huduma ya kwanza ya dharura na ya kutuliza maumivu kwa saa 24, lakini yanamruhusu kuikabidhi kazi hiyo kwa kliniki nyingine. Mwenye paka dume anayechuchumaa na kujikamua bila kutoa tone la mkojo, dalili ya kuziba kwa njia ya mkojo inayoweza kumuua ndani ya siku chache, hupiga simu ile ile aliyoizoea akasikia sauti iliyorekodiwa ikimpa namba ya kliniki ya zamu, pengine katika mji wa jirani, isiyolijua faili la paka huyo na yenye ada ya usiku iliyo kubwa kuliko ya mchana. Asiye na gari hubaki akitafuta teksi itakayokubali kumbeba mnyama. Maadili yale yale yanataka mteja aelezwe mapema namba ya simu, mahali na aina ya huduma hiyo, kwa hiyo maelezo hayo yadaiwe siku ya kujiandikisha.

Lipo jingine linalojificha zaidi, nalo ni uangalizi wa mnyama aliyelazwa. Anayeambiwa kwamba mbwa wake atabaki kliniki hadi kesho huwaza muuguzi aliye macho kando ya kizimba, ilhali katika baadhi ya kliniki taa huzimwa, mlango hufungwa, na mbwa mwenye dripu hukaa peke yake hadi mtu apite kumtazama. RCVS inataka mwenye mnyama aelezwe kiwango cha uangalizi huo, lakini maelezo yenyewe mara nyingi humezwa na fomu ya ridhaa, ile inayotiwa saini kaunta kwa haraka huku mnyama akilia ndani ya kikapu. Swali liwe wazi: saa nane usiku nani atakuwa ndani ya jengo, daktari, muuguzi aliyesajiliwa, au hakuna mtu? Usajili wa muuguzi uulizwe kwa makusudi, kwa kuwa cheo cha muuguzi wa wanyama hakilindwi na sheria. Kliniki ya kuaminika hujibu bila kununa, hata kama jibu ni kwamba hakuna mtu, kisha hupendekeza mgonjwa mahututi ahamishiwe penye wahudumu usiku kucha.

Upande wa gharama, kwa dawa za muda mrefu, mathalani za moyo au kifafa, mteja ana haki ya kuomba cheti cha dawa cha daktari, hata kama atatozwa ada ya cheti hicho, na kununua dawa kwingine.

Anayefikia hatua ya kulalamika ajiandae kwa mzunguko unaochosha. RCVS hushughulikia tuhuma nzito za mwenendo wa daktari, haiamui mgogoro wa ada wala haimrudishii mtu fedha. Huduma ya usuluhishi iitwayo VCMS ni ya bure, lakini kliniki inaweza kukataa kushiriki. Ni aibu kwamba takwa dogo la kliniki kutangaza bei zake na kumtaja mmiliki lilisubiri hadi Oktoba 2025 ndipo CMA ilipolipendekeza katika uamuzi wake wa awali.

Hasira ya gharama isimsukume mtu kutibu nyumbani. Panadol, yaani parasetamoli, ni sumu kwa paka, na kidonge kimoja kinaweza kumuua kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo. Dawa ya viroboto vya mbwa yenye pamethrini nayo humtia paka degedege. Wenye kipato kidogo waulize mapema kama wanastahili msaada wa PDSA au Blue Cross, mashirika ya hisani yanayotibu wanyama kwa kuzingatia mahali mtu anapoishi na ruzuku anazopokea, na barua za kuthibitisha ruzuku hizo ziwekwe tayari mnyama angali mzima.