Kivuli cha Hiroshima katika Chumba cha Eksirei

Umma ulianza kuijua nguvu ya atomiki kama silaha, tarehe 6 Agosti 1945, Hiroshima ilipoteketezwa kwa bomu ambalo sehemu kubwa ya urani yake ilitoka mgodi wa Shinkolobwe huko Katanga, Kongo, na siku tatu baadaye ikafuata Nagasaki. Wengi wa waliokufa waliuawa na joto, moto na kishindo, lakini kilichotia mizizi katika fikra za watu ni kile kisichoonekana, yaani mionzi. Ndiyo maana hata leo, mtaani Bukoto jijini Kampala kama kwingineko, wapo wanaodhani kwamba aliyepigwa eksirei hutoka na mionzi mwilini na kwamba anaweza kuwaambukiza wenzake.

Dhana hiyo haina msingi, kwa sababu mashine ya eksirei hutoa mionzi pale tu umeme unapopita katika bomba lake, na umeme ukikatwa hakibaki chochote. Kobalti-60, inayotumika kutibu saratani, ni jambo jingine: hutoa mionzi usiku na mchana, nguvu yake ikipungua kwa nusu kila baada ya miaka mitano na ushei, muda uitwao nusumaisha, na kwa hiyo hufungiwa ndani ya kinga nzito ya metali.

Lisilosemwa sana ni kwamba kinga ya leo dhidi ya mionzi imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya maafa yale yale. Tangu mwaka 1950 watafiti wamefuatilia afya ya watu wapatao 120,000 wa miji hiyo miwili, wakabaini kwamba saratani ya damu iliongezeka ndani ya miaka michache, saratani nyingine zikafuata polepole kwa kadiri ya dozi, ilhali watoto waliotungwa mimba baadaye hawakuonyesha ongezeko la wazi la magonjwa ya kurithi. Manusura walipata dozi yao kwa mkupuo, na mtumishi wa hospitali huipata kidogo kidogo, hivyo wataalamu bado wanabishana jinsi ya kukadiria hatari ya dozi ndogo. Kwa tahadhari, kikomo cha kimataifa cha mfanyakazi ni wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka, milisiverti ikiwa kipimo cha athari ya mionzi mwilini, na picha moja ya kifua haizidi takriban 0.1.

Nchini Uganda usimamizi wa kinga hiyo umekabidhiwa Baraza la Nishati ya Atomiki, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2008, ambalo hutoa leseni kwa wenye mashine za mionzi na kuzikagua. Hata hivyo, hofu iliyorithiwa kutoka kwa bomu haimsaidii mtu kupima hatari na faida. Mwaka 2016 mashine ya kobalti ya Hospitali ya Mulago, iliyo kwenye kilima kisicho mbali na Bukoto, iliharibika kabisa, na wagonjwa wa saratani wakalazimika kutafuta tiba Nairobi au kukaa bila tiba hadi mashine mpya ilipoanza kazi mapema mwaka 2018. Kilichowadhuru kipindi chote hicho kilikuwa kuikosa mionzi.