Shume: mboga zashuka Dar, ushuru wabaki wapi?

Mfanyabiashara anayechukua kabichi, karoti au viazi mviringo katika masoko ya Dar es Salaam mara nyingi anauza mzigo wa milima ya Usambara. Malori hupakia Shume, hupita Magamba na Lushoto, kisha huteremka kona za Soni hadi Mombo. Si jambo geni. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliteremsha mbao za Shume kwa njia ya waya hadi Mkumbara, kwenye reli ya Tanga. Swali ni lile lile: mali ikishuka, huku juu kinabaki nini?

Kenya imelijibu kwa Katiba ya 2010, iliyounda kaunti 47 na kuzitengea si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Tanzania ilishika njia nyingine. Utawala wa machifu, ukiwemo ule wa Wakilindi wa Vuga, ulifutwa mwaka 1963. Baada ya sensa ya 1967 watu hawakuulizwa tena kabila. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 nayo inakataza chama cha kabila, dini au eneo moja. Kwa hiyo Msambaa na Mmbugu wa Shume hawana chama cha "kwetu". Wanachodai, barabara au zahanati, wanakidai kwa jina la kata, jimbo na halmashauri.

Na halmashauri ni ushuru. Kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003, wilaya za kilimo zilizidi kutegemea ushuru wa mazao na ruzuku ya Serikali Kuu. Mwaka 2017 ushuru huo, uliokuwa asilimia 5, ulishushwa hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukasamehewa unapovuka wilaya. Wachuuzi wadogo walishukuru. Mhasibu wa halmashauri, nadhani, hakushukuru. Kabla ya hapo Bumbuli ilikwisha kumegwa kutoka Lushoto na kupata halmashauri yake, ikaondoka na eneo la chai la Mponde. Waliobaki wakawa wanategemea zaidi mboga.

Hapo ndipo lumbesa inapouma. Kisheria ushuru hulipwa na mnunuzi, lakini yeye huukata kwenye bei anayompa mkulima. Gunia likishindiliwa na kufungwa kilemba, mkulima hulipwa gunia moja kwa viazi vya gunia moja na nusu, na getini pia linahesabiwa moja. Mkulima amepunjwa, halmashauri yake imepunjwa, na barabara ya Shume mvua ikinyesha ni ile ile. Safu hii haioni kama wilaya mpya ingetibu hilo. Mizani ingetibu.

Anayepanda Shume msimu huu adai kununua kwa kilo na achukue risiti ya halmashauri kabla ya kuwasha lori.