Jokofu Lililosingiziwa

Kwa wiki kadhaa nyumbani kwetu uniti za LUKU zilikuwa zikimalizika kabla ya siku zake, na lawama zote zikaliangukia jokofu. Mama alifikia hatua ya kulizima usiku, na maziwa ya mjukuu wake yakaharibika. Kumbe mlaji alikuwa chumba cha pili: kompyuta ya michezo ya mdogo wetu, ingurumayo tangu baada ya Isha hadi saa saba za usiku, na chumba kikawa tanuri.

Mzee akaamua iuzwe. Kijana akaomba muda, nasi tukamwombea, kwa kuwa kompyuta hiyo hiyo ndiyo anayosomea.

Alikuwa amekwisha kununua feni mbili za ziada. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Feni hulitoa joto ndani ya kasha na kulimwaga chumbani, hailimalizi. Umeme unaoingia katika kompyuta, takriban wote, huishia kuwa joto. Mashine inayokula wati 400 ni sawa na balbu nne za zamani za wati 100 zikiwaka katika chumba kilichofungwa, na kwa saa 5 huwa imemeza uniti 2. Mwenye kutaka chumba kipoe sharti apunguze umeme unaoingia. (Kiyoyozi? Hicho nacho hula umeme. Ni kulipa mara mbili.)

Wakati wa mchezo, mlaji mkuu ni kadi ya grafiki. Kadi aina ya GeForce RTX 3080, iliyotoka mwaka 2020, peke yake imepangiwa wati 320. Ya kijana wetu ni ndogo kuliko hiyo, lakini tulipoichunguza tukastaajabu: skrini yake huonesha picha 60 kwa sekunde, ilhali kadi ilikuwa ikichora zaidi ya 150. Israfu tupu. Tukaweka kikomo cha picha 60 katika mipangilio ya mchezo, na kabla hatujamaliza chai feni zilikuwa zimenyamaza.

Kisha, kwa programu ya bure, tukashusha kikomo cha umeme wa kadi hadi asilimia 75. Mchezo haukupungua kasi kiasi cha kutambulika. Lililobaki ni volti, nalo lahitaji subira. Matumizi ya umeme hufuata kipeo cha pili cha volti, hivyo kupunguza volti kwa sehemu moja ya kumi huokoa karibu moja ya tano. Lakini ukizidisha, kompyuta huganda. Haiharibiki; huwashwa upya. Kijana, kwa haraka yake, alishusha mno na kupoteza kazi ya chuo aliyokuwa hajaihifadhi, akaiandika upya hadi alfajiri. Tangu hapo hushusha kidogo kidogo na kujaribu kila hatua.

Vumbi tulilipangusa pia, ingawa hilo husaidia feni zaidi kuliko LUKU.

Jokofu sasa lawaka usiku kucha. Mzee bado hajatamka kuwa ameghairi kuiuza, ila juzi alimwita kijana na kumuuliza kama ile programu yaweza kuwekwa kwenye televisheni.