Kushusha giaboksi nyumbani: hela ya ufundi ilipe mara moja

Leo naongea na wale wenye gari la zamani la kubebea mzigo wa duka.

Mimi niko Mbekenyera, wilaya ya Ruangwa. Nina duka la rejareja na pikapu ya Datsun yenye umri kunizidi. Mwezi wa tano klachi ilianza kuteleza: injini inalia, gari halipandi kilima. Na sisi huku mwezi wa tano tunajaza duka, maana ufuta ukianza kuuzwa hela inaingia kijijini. Ukikuta rafu tupu wakati huo, msimu umekupita.

Usidharau magari haya. Datsun 240Z, gari la mbio, lilishinda Safari Rally mwaka 1971 akiendesha Edgar Herrmann, likashinda tena 1973 akiendesha Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Ukilala chini ya gari lile, mpangilio ni ule ule wa pikapu yangu: injini mbele imelala kwa urefu, giaboksi nyuma yake, halafu propela mpaka kwenye difu ya nyuma. Ndiyo maana giaboksi inashukia chini bila kung'oa injini, na kazi inafanyika uani kwako.

Sasa sikia hesabu. Fundi alitaka 80,000 kushusha na kupandisha. Beringi ya klachi ilikuwa 25,000. Ukibadilisha klachi plati tu, ukaiacha beringi ya zamani, ikaanza kulia baada ya miezi miwili, utalipa tena ile 80,000 kwa ajili ya kitu cha 25,000. Na gari linalala tena. Kwa hiyo nunua vyote KABLA hujafungua nati hata moja: klachi plati, presha plati, beringi ya klachi, bushi ya katikati ya flaiwili, sili ya oili nyuma ya injini na oili ya gia.

Tulifanya hivi, mimi na fundi:

1. Usalama kwanza. Uani kwetu ni udongo, jeki inazama. Weka ubao mpana chini ya jeki, zuia matairi, halafu gari likae juu ya stendi za chuma. Tofali la saruji linapasuka ghafla bila kukuonya. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata dakika moja. Duka linafunguliwa kesho, mtu harudi.

2. Toa waya hasi wa betri. Mwaga oili ya gia.

3. Weka alama ya rangi pale propela inapofungwa na difu, ili irudi ilivyokuwa. Fungua, ivute itoke nyuma ya giaboksi.

4. Toa mkono wa gia, kebo ya spidi, waya za taa ya rivasi, ekzosi ya mbele na stata. Silinda ya chini ya klachi ifungue uitundike pembeni na mpira wake. Usikate mpira, usije ukaanza kutoa hewa bure.

5. Kingia injini kwa jeki na kipande cha ubao chini ya sampu. Ukisahau hapa, ukitoa chuma kinachobeba giaboksi injini inainamia nyuma.

6. Giaboksi ina kilo 30 na zaidi. Weka jeki nyingine chini yake, fungua bolti zinazoishika na injini, ivute nyuma ikiwa imenyooka. Isining'inie kwenye shafti yake, itapinda klachi plati.

Wakati wa kupandisha, klachi plati lazima ikae katikati kabisa kabla hujakaza presha plati. Shafti ya giaboksi mbovu inafaa kupimia. Isipokaa katikati mtasukuma mpaka usiku na haitaingia. Mwisho usisahau kujaza oili ya gia.

Bolti zetu tulizipanga kwenye vikopo, kila kikopo kimeandikwa. Gari lilikaa siku mbili. Mzigo wa siku hizo niliuagiza kwa bodaboda mapema, nikauweka kwenye hesabu ya matengenezo, si kwenye faida.

Kama huna stendi wala mtu wa pili mwenye nguvu, mpe fundi afanye gereji. Ila vifaa nunua wewe, na uwe pale giaboksi ikiwa chini, uone kwa macho yako kilichotoka na kilichoingia.

Kitu kidogo kilichojificha nyuma ya kazi kubwa, kibadilishe siku hiyo hiyo. Hata dukani ni hivyo hivyo: ukishalipa nauli ya kufuata mzigo Ruangwa, usirudi na nusu ya orodha.

Kazi njema.