Tongoni: Mji wa Kale wa Mtangata

Msafiri aendaye Pangani kutoka Tanga kwa barabara ya pwani, akiisha kwenda yapata kilomita 20, hufikia kijiji cha Tongoni. Karibu na maji yamebaki magofu ya msikiti na makaburi yapatayo 40. "Tongo" ni mahali palipohamwa na watu. Kwa hiyo jina hili lilikuja baada ya mji kufa. Ulipokuwa hai uliitwa Mtangata.

Tunaona vema kuueleza mji huu kwa kuwa wengi wetu tulifundishwa historia ya pwani kuanzia majahazi ya Wareno, kana kwamba kabla yao hapakuwa na mtu wala dini. Makaburi ya Tongoni yanakanusha jambo hilo. Sehemu kubwa ya majengo hayo ni ya karne ya 14 na ya 15.

Mahali penyewe palichaguliwa kwa akili. Mbele iko ghuba yenye mikoko, na nje yake miamba ya matumbawe ivunjayo nguvu za mawimbi. Nyuma ni nchi tambarare, kisha milima ya Usambara, ambayo nahodha huiona angali mbali baharini. Matumbawe yalikuwa jiwe la kujengea, na yakichomwa yalitoa chokaa. Kibla cha msikiti kinaelekea kaskazini, maana huko ndiko iliko Makka kwa mtu wa Tanga. Makaburi kadhaa yalisimamishiwa nguzo ndefu zilizopambwa kwa bakuli za kauri. Leo nguzo nyingi zimeanguka, na mahali pa bakuli pamebaki vishimo vitupu.

Richard Burton alipofika mwaka 1857 alionyeshwa kigae chenye maandishi ya Kiajemi kaburini. Wako waliokitumia kuthibitisha kwamba mji ulijengwa na Waajemi. Kwa maoni yetu hoja hiyo ni dhaifu: bakuli za China nazo zilikuwapo, wala hakuna asemaye kwamba wenyeji walikuwa Wachina. Vitu hivyo vinashuhudia biashara.

Mwanzoni mwa Aprili 1498 merikebu São Rafael ya msafara wa Vasco da Gama ilikwama kwenye mafungu mbele ya Mtangata. Hapakuwa na vita. Watu walikuja kwa mashua wakileta machungwa, ambayo Wareno wenyewe waliandika kuwa ni bora kuliko ya kwao. Na wawili kati ya wenyeji hao wakabaki merikebuni, wakafuatana nao hadi Mombasa. Maji yalipojaa chombo kilielea. Wageni wakayapa mafungu hayo, na milima waliyoiona nyuma yake, jina la Malaika Rafaeli. Jina halikushika: milima ni Usambara hata leo.

Januari 1499 walirudi kutoka Bara Hindi wakiwa wachache, kwa sababu kiseyeye kiliwaua mabaharia wengi. (Siku chache kabla, huko Malindi, walikuwa wametafuta machungwa kwa ajili ya wagonjwa wao.) Hawakuwa na watu wa kutosha kuendesha merikebu tatu, basi wakaichoma moto São Rafael palepale ilipokwama mwaka uliotangulia. Wakakaa siku 15, wakinunua kuku kwa mashati na bangili. Hivyo ndivyo Wakristo hao na Waislamu wa Mtangata walivyojuana: kwa machungwa na kuku. Yaliyofuata katika karne ya 16 kwenye pwani hii yalikuwa ya mizinga, na mara nyingi hayo ndiyo peke yake tunayoyasimulia.

Baadaye mji ulififia. Katika karne ya 18 watu waliotoka Kilwa walihamia hapo, lakini fahari ya kwanza haikurudi.

Sasa bahari inaula ufuko ulio mbele ya makaburi, na mikoko ikikatwa, mawimbi hupata njia. Mwanafunzi atakaye kuyaona asikawie. Aombe ruhusa kijijini kwanza, avue viatu aingiapo msikitini, wala asiokote hata kipande kimoja cha kauri: wazikwa wa Tongoni wana wajukuu jirani.