Matope ya kinamasi yanaficha nini?



Familia iliyokimbia vita ikifika ugenini, mara nyingi huonyeshwa kinamasi: «Limeni pale, hapana mwenyewe.» Mfereji unachimbwa, maji yanaondoka, na baadaye ugomvi unaanza. Kabla ya kushika jembe, ni vizuri kujua matope hayo yanatunza nini.

Kuanzia mwaka 2012, Greta Dargie, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Leeds huko Uingereza, aliingia katika misitu ya maji ya Likouala, Kongo-Brazzaville, pamoja na watafiti wa Kongo na watu wa vijiji. Walishindilia chuma kirefu katika matope na kuvuta udongo mweusi. Udongo huo ulikaushwa, ukapimwa uzito, kisha ukachomwa. Kinachoungua ni mabaki ya majani na miti. Ndiyo yenye kaboni. Kinachobaki ni majivu.

Mahali pengine udongo huo ulifika karibu mita 6 kwenda chini, na ulianza kujikusanya zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Watafiti wa Kisangani na Mbandaka walisaidia kupima upande wetu, katika Équateur. Mwaka 2022 hesabu ilitolewa: kilomita za mraba 167,600 katika nchi zote mbili, na kaboni tani bilioni 29 hivi.

Sababu yake ni maji. Yanazuia hewa, kwa hiyo majani hayaozi yakaisha. Maji yakitolewa, hewa inaingia, udongo unaoza, unashuka, na wakati wa kiangazi unaweza kushika moto. Kaboni inapanda hewani na kuongeza joto la dunia. Kazi ya miaka elfu inapotea katika maisha ya mtu mmoja.

Vinamasi vya milima yetu ya mashariki havina wingi huo, lakini kanuni ya maji na hewa ni ileile.

Hatusemi mwenye njaa asilime. Tunaomba machifu, wenyeji na wawakilishi wa wahamishwa waketi pamoja kwanza na kujibu:

- Nani anavua, anateka maji au anakata matete hapa?
- Kuna shamba kavu linaloweza kuazimwa, na kwa muda gani?
- Sehemu gani itabaki na maji, na nani ataichunga?

Majibu yaandikwe mbele ya mashahidi. Mfereji uliochimbwa bila mapatano hukausha udongo, na ujirani pia.